Ningu waligonga kalvati

Wacha nianze na usiku mmoja wa Aprili, miaka mitatu imepita sasa. Mvua ilianza saa kumi jioni na kufika saa tatu usiku bado inamwaga tu, kijito chetu kimefura mpaka unaskia mawe yakigongana huko chini, na mimi na binamu yangu tulikuwa tumetoka na tochi kuangalia kama maji yatafika kwa shangazi, manake boma lake liko bondeni kabisa na mwaka 2020 yalimfikia dirishani. Hatujafika hata, watoto wa jirani wakaanza kutuita, kujeni muone, kujeni haraka. Tukaenda mpaka penye barabara inavuka kijito. Hapo chini ya kalvati, maji yanapotoka kwa ile paipu ya saruji na kuanguka, kulikuwa na samaki. Wengi. Wanaruka, wanagonga saruji, wanaanguka, wanatulia kidogo kama wanapumzika, alafu wanaruka tena. Watoto walikuwa na ndoo na kipande cha neti ya mbu, na haikuhitaji ufundi wowote, ni kuchota tu.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee mmoja wa kwetu, jaduong' ambaye ujana wake wote alivua mtoni. Nikamuuliza hawa ni samaki gani. Akatoa mmoja kwa ndoo, akamgeuza mdomo kwenye mwanga wa tochi yangu, akanyamaza muda.

"Nyathina, mwanangu, huyu ni ningu," akasema. "Anaenda kuzaa. Sasa nani alimfungia mlango?"

Hilo swali sijawahi kuliweka chini tangu siku hiyo. Mimi niko na duka la vifaa vya ujenzi pale Ahero, huku kaunti ya Kisumu, na shamba kidogo la mpunga, na kalvati kama zile nazijua vizuri, saruji na nondo za kalvati nimeuza miaka kumi na mbili, na sikuwahi hata siku moja kufikiria kwamba kuna kiumbe anapita ndani yake kutoka chini kwenda juu. Kwangu kalvati ilikuwa ya kupitisha maji basi. Ile yetu ilijengwa na mwanakandarasi fulani, ikawekwa juu kuliko kitanda cha kijito, na kila mvua maji yakawa yanachimba pale yanapoanguka, mwaka baada ya mwaka, mpaka tofauti ikafika kama futi tatu. Mtu anaruka hiyo bila shida. Samaki wa urefu wa kiganja na nusu ambaye tumbo limejaa mayai, hawezi.

Kwa wale hawamjui, ningu ni samaki wa kwetu kabisa, kwa vitabu vya sayansi anaitwa Labeo victorianus, na hana kwao kwingine duniani ila bonde la Ziwa Victoria. Mdomo wake uko chini ya kichwa, midomo minene, na anautumia kufyonza na kukwangua ule ukijani unaoshika juu ya mawe pamoja na uchafu laini uliolala chini ya maji. Anaishi ziwani na kwenye mito mikubwa, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja, lakini kuzaa hazai ziwani. Mvua kubwa ikifika, mto ukibadilika rangi na kuanza kumwagika kando, ndo anapanda. Anapanda mpaka vijito ambavyo wakati wa kiangazi unavuka bila kutoa viatu, alafu anatoka hata huko anaingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji, malishoni kabisa, pale ambapo juzi ng'ombe alikuwa amefungwa, na ndo hapo anamwaga mayai yake. Mayai yanaanguliwa haraka, vitoto vinakula kwenye yale maji ya vuguvugu yaliyojaa vidudu, na maji yakianza kushuka navyo vinashuka kwenda mtoni.

Ukielewa hiyo safari umeelewa karibu kila kitu ambacho nataka kusema hapa. Ningu anahitaji njia iwe wazi, anahitaji mawe yasiyofunikwa na matope, na anahitaji majani yanayolowa. Kimoja kikikosekana, hata ukimpa hivyo vingine viwili hazai.

Mama yangu alizaliwa 1956 na anakumbuka ningu wa kukaushwa kwa moshi wakiletwa kwa vikapu, na venye nyumba nzima ilinukia siku hiyo. Mimi nimezaliwa 1984 na kwa maisha yangu yote kabla ya ule usiku nilikuwa nimemla ningu labda mara nne. Watoto wangu walikuwa hawamjui hata kwa jina. Wanajua mbuta, yule sangara, wanajua omena, yaani dagaa, wanajua tilapia ya kutoka China iliyo kwa barafu sokoni. Jina la samaki aliyelisha bibi zao lilikuwa limebaki kwa wazee tu.

Ukiuliza watu hapa Kisumu ningu walienda wapi, wengi watakwambia mbuta aliwala. Mimi pia ndo nilikuwa nasema hivyo. Na kweli mbuta alifanya mambo mabaya, aliwekwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na wale fulu wetu wadogo, ambao wanasayansi wanakadiria walikuwa aina zaidi ya 500, inafikiriwa kama 200 au hata zaidi wamepotea. Lakini kwa ningu hesabu haikubali. Neti za kutega zililetwa kwenye hii ghuba yetu ya Winam mwaka 1905, watu wakajua kwamba mvua ikinyesha ningu wote wanakusanyika mdomoni mwa mto wakingoja kupanda, na neti zikaenda kuwekwa hapo hapo, ukuta baada ya ukuta, mbele ya samaki wenye mayai. Kufikia 1965 tayari ilikuwa imechapishwa ripoti kuhusu jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka na hata mitego ya jadi ya mto Nzoia ikaanza kudhoofika. Mbuta wakati huo ndo kwanza anazoea ziwa, kuzidi kwake kulikuja miaka ya 1980. Kwa hivyo tukisema ni mbuta tunajiondoa sisi kwenye hiyo kesi, na sisi tulikuwa ndani tangu mwanzo.

Nilimuuliza yule jaduong' kuhusu kek. Kama hujui kek, ni ua wa miti na matete unaokingama mto, umeachiwa nafasi za vikapu vya mtego, na ulikuwa mali ya ukoo, si kila mtu anaamka tu anajenga yake. Nikamwambia, lakini jaduong', hata nyinyi mlikuwa mnafunga njia. Hakukasirika. Akaniambia kek ya babake mafuriko makubwa yakija ilikuwa inabebwa yote, kila mwaka wanajenga upya, na hizo siku ambazo hakuna kek ndo samaki walikuwa wanapita wengi kwenda kuzaa. "Mto ulikuwa unachukua yake, sisi tunachukua yetu." Nikafikiria ile kalvati. Kalvati haibebwi. Iko pale Aprili, iko pale Novemba, na mwaka ujao itakuwa pale, na kila mwaka inazidi kuwa juu.

Leo ningu yuko kwa orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, katika kundi la mwisho kabisa la hatari kabla mnyama hajahesabiwa ametoweka porini, pamoja na ngege na mbiru, perege wetu wa asili. Hao ngege tunaowaimba kwenye hadithi za ziwa, ngege wa kweli si hawa wa kufugwa, wamebaki zaidi kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Siaya, kwenye kinamasi cha Yala. Na sababu ya kubaki huko inafundisha. Mafunjo, yale tunayaita togo kwa Kijaluo, yakiwa mengi maji ndani yake yanakuwa na hewa kidogo sana, na mbuta hawezi kuvumilia maji ya hivyo. Fulu kadhaa wanaweza, mumi, yaani kambare, anaweza, kamongo ndo kabisa maana anapumua hewa ya juu. Kwa hivyo yale mafunjo ambayo watu wanayaita pori na wanataka yafyekwe yalimwe, ndo ukuta uliowaficha hao samaki miaka yote hiyo. Kila nikiskia mtu anasema kinamasi ni ardhi iliyokaa bure roho inaniuma.

Sasa turudi kwa kijito chetu, kwa sababu nataka kueleza tulichofanya na venye kilichukua muda.

Huku Kenya kuna vyama vya watumiaji maji, vilikuja na ile sheria ya maji ya 2002, wengi tunaviita warua. Chetu kilikuwa kipo kwa karatasi zaidi kuliko kwa kazi, mikutano mitatu kwa mwaka, chai, kwaheri. Nikaenda kwa mkutano nikapeleka vidio ya ule usiku kwa simu. Watu wakacheka kwanza, wakauliza samaki walikuwa wangapi na nani alikula. Alafu jaduong' akasimama akaeleza kile nimeeleza hapa juu, kwa dakika kama arobaini, na aliponyamaza hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja wa kule juu ya barabara akasema yeye ana miaka thelathini ameolewa hapo na hajawahi kuona ningu upande wake wa kijito, hata mvua inyeshe vipi. Hiyo ilikuwa jibu tosha la kalvati inafanya nini.

Ofisi inayohusika na barabara tuliiandikia barua, ikajibu baada ya miezi saba, na jibu lilikuwa kwamba kubadilisha kalvati haiko kwa bajeti ila kama hatugusi barabara yenyewe tunaweza kuweka mawe upande wa chini. Tukashika hapo hapo. Injinia mmoja kijana wa kaunti akaja kwa siku yake ya mapumziko akatuonyesha: usijaze mawe tu ovyo, jenga ngazi. Kila ngazi iwe kama kidimbwi kidogo, na kupanda kutoka kidimbwi kimoja kwenda kingine kusizidi nusu futi au kidogo juu yake, samaki aruke mara moja apumzike, aruke tena. Tukajenga vidimbwi vitano. Mawe makubwa yalitoka kwa machimbo ya mwanachama mmoja, trekta tulikodi, saruji nilitoa mimi. Ndani ya kalvati yenyewe maji yalikuwa yanapita kwa kasi juu ya saruji laini, hakuna mahali pa kushikilia, kwa hivyo tukabandika mawe ya ukubwa wa kichwa huku na huku, nyuma ya kila jiwe maji yanatulia kidogo. Ilichukua Jumamosi sita. Gharama yote kwa pesa taslimu haikufika ile ya kukodi tenti za arusi moja kubwa.

Niseme ukweli, kalvati ndo ilikuwa rahisi. Mawe hayana mwenyewe wa kubishana naye.

Kando ya kijito ndo kazi. Sheria inasema kando ya mto kuna sehemu ya kuachwa, kuanzia mita 6 mpaka 30 kulingana na upana wa mto, lakini huku kwetu mtu amelima mpaka jembe linagusa maji, na ukimwambia arudi nyuma mita sita anakuangalia kama umemwomba mtoto wake. Na ninamwelewa. Shamba lenyewe ni robo ekari, mita sita ni chakula cha miezi miwili. Hatukutumia polisi wala chifu. Tulitafuta mimea ambayo inampa mtu kitu: nepia kwa ng'ombe kwenye mstari wa juu, alafu asao, kile kimti kinachopenda maji, na mianzi kwenye ukingo wenyewe, na mkuyu penye nafasi ni kubwa maana mkuyu mmoja ukishika umeshika. Wengine walikubali msimu wa kwanza, wengine baada ya kuona ukingo wa jirani haukuanguka kwa mvua na wao umeanguka. Wawili bado hawajakubali, na tunawasalimia kila siku kama kawaida.

Mikaratusi, zile blugamu, ilileta maneno mengi zaidi. Mwaka 2009 marehemu John Michuki akiwa waziri wa mazingira aliagiza ikatwe karibu na vyanzo vya maji, na watu huku wanakumbuka hiyo amri mpaka leo kwa hasira, kwamba serikali inakata mti wa mtu. Sisi tuliamua hakuna kukata kwa lazima, mwenye mti ukikomaa auze nguzo zake, ila akishauza asiache kisiki kichipuke tena, na warua inampa miche ya kupanda badala. Ni polepole. Lakini penye miti minane mikubwa ya blugamu ilitolewa, jamaa mwenyewe ndo alikuja kutuambia kwamba chemchemi ndogo iliyokuwa inakauka Januari, mwaka huu ilifika Februari mwisho na bado ina maji.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho kilinishangaza sana, cha miti iliyoanguka. Sisi tukiona mti umeangukia mtoni, siku ya pili umekuwa kuni. Kumbe kule Australia, mto Murray, walitoa magogo mtoni miaka mingi ili meli za mvuke zipite, na samaki wao mkubwa wa asili akapungua, na sasa wanatumia pesa na matingatinga kurudisha magogo majini. Samaki wanahitaji mahali pa kujificha kutoka kwa ndege na mkondo mkali. Nikasoma hiyo usiku nikaenda asubuhi kumwomba binamu aache ule mkuyu ulioanguka pale kona. Ameuacha. Chini yake sasa maji yamechimba shimo lenye kivuli, na ukikaa kimya jioni unaona mumi wanazunguka hapo.

Matope ndo vita kubwa na hiyo hatuiwezi peke yetu. Nyando inashuka kutoka milima ya Nandi na Tinderet, inapita mashamba ya miwa, inafika Ahero ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kila tone la hiyo rangi ni udongo wa mtu fulani. Unatulia juu ya mawe, ule ukijani anaokula ningu unafunikwa, mayai yanakosa hewa. Juu ya hapo kuna wachimbaji mchanga, malori yanashuka mpaka mtoni, yanaacha mashimo na ukingo unabomoka. Vijana wanaochimba ni watu nawajua kwa majina, wengine nimesoma nao, na hawana kazi nyingine ya kuwalipa kila jioni. Tulichoafikiana nao ni kidogo tu: hakuna kuchimba Machi mpaka Juni, na hakuna kuchimba kabisa kwenye ile sehemu ya mita mia mbili chini ya kalvati. Wameshika neno zaidi ya nilivyotarajia. Mmoja wao ndo sasa anatunza naseri yetu ya miche.

Na chini kabisa, mdomoni mwa mto, tulienda kuongea na wavuvi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo. Hapo nilienda na jaduong' tena kwa sababu maneno ya mtu wa duka la saruji kwa mvuvi hayana uzito. Walikubali wiki zile za mvua kubwa za Aprili na Mei neti zisikingame mlango wa mto, waache katikati wazi. Mwaka wa kwanza kulikuwa na waliovunja. Mwaka wa pili wavuvi wenyewe ndo waliwatoa.

Sasa kuna hili jambo la vifaranga ambalo lazima nilitoe moyoni. Kila baada ya muda anakuja kiongozi na gari la maji na wapiga picha, wanamwaga vifaranga vya samaki kwa bwawa au mtoni, watu wanapiga makofi, na jioni kwenye simu tunaambiwa samaki wamerudishwa. Mara nyingi ni tilapia wa kufugwa. Hata wangekuwa ningu, ukimwaga mtoto wa ningu kwenye mto ambao mawe yake yamefukiwa na njia yake imefungwa unamwaga chakula cha ndege. Sipingi kazi ya kuzalisha, wataalamu wa KMFRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale kituo cha Sang'oro wamehangaika kujifunza kumzalisha ningu kwenye mabwawa na hiyo elimu ni akiba kubwa, siku moja tutaihitaji. Lakini nyumba kwanza, alafu mgeni. Pesa ya siku moja ya picha ingejenga ngazi za mawe kwa kalvati kumi na mbili kwenye vijito vya Kano, na nimezihesabu, kuna zaidi ya hizo zenye shida kama ya yetu.

Jambo gumu kuliko yote nimeliacha mpaka hapa kwa sababu bado linanisumbua. Ni mafuriko. Mimi ni mtu wa Kano, hii tambarare yetu ya mafuriko, siwezi kuandika kwamba mafuriko ni mazuri. Mei 2020 ziwa lilipanda likapita hata ile rekodi ya 1964, mito nayo ikafura, na familia yetu ililala darasani wiki tano. Mwaka 2024 tena. Nimebeba mzee mgongoni kwenye maji ya kifua. Kwa hivyo mtu akisema jenga kuta za udongo kila mahali maji yasitoke mtoni kabisa, najua anasema kutoka kwa maumivu gani. Lakini ningu anazaa kwenye majani yaliyolowa, na ukuta ukikaa pua na pua na mto kila mahali, hakuna majani yatakayolowa tena, na maji yenyewe yakikosa pa kupumzikia huku juu yanafika kwa watu wa chini yakiwa na hasira zaidi.

Shangazi ndo alitatua hilo, si mimi. Ana kama ekari mbili za malisho kati ya boma na kijito, upande wa juu wa kalvati, na kulikuwa na tuta alilojenga marehemu mumewe kuzuia maji yasiingie hapo. Kila mwaka maji yanazuiwa na tuta, yanapata njia nyingine, yanazunguka yanamfikia nyumbani kutokea nyuma. Akasema, "Kwani kama tungeyaacha yaingie malishoni, si yangetulia huko?" Tukakata tuta mahali pawili, tukachukua huo udongo tukainua tuta lingine fupi karibu na nyumba. Mvua ya mwaka jana malisho yalijaa maji ya magoti siku tisa, na nyumba haikuguswa. Siwezi kusema itakuwa hivyo kila mwaka, mvua ya 2020 ingepita juu ya vyote. Lakini ng'ombe wake walipata majani mengi Julai kuliko miaka yote, manake maji yaliacha rutuba.

Mwaka huu mwezi wa tano, maji yalipoanza kushuka, kwenye hayo malisho kukabaki vidimbwi. Shangazi akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, "Kuja, kuna vitu vinatembea huku." Nilipitia kwa jaduong' nikambeba kwa boda. Tukachota kwa kikombe polepole tukaweka kwa beseni jeupe, na yeye akaketi kwa kigoda akaanza kutenganisha kwa kidole, miwani imeshuka puani. Adel, vile visamaki vidogo vya kila siku. Adel. Adel. Huyu mumi. Huyu fwani, mtoto wa fwani. Adel tena. Nilikuwa nimeinama hapo mpaka mgongo unawaka na nikaanza kujiambia sawa, hata fwani si haba, fwani naye ni samaki wa mtoni na amepungua sana hii mito. Alafu akasimamisha kidole. Akasogeza mmoja pembeni, mdogo kama punje tatu za mchele zimepangwa, akamwangalia kutoka upande, akaomba glasi, akamwangalia kutokea chini, mdomo.

Walikuwa saba. Saba kwa beseni lote. Tulirudia vidimbwi viwili vingine tukapata nne. Nilipiga picha na mtaalamu wa uvuvi aliyekuja siku iliyofuata akakubaliana na mzee. Kumi na mmoja, na kila mmoja wao mama yake alipanda zile ngazi zetu, maana hakuna njia nyingine ya kufika kwenye hayo malisho. Yule mama wa juu ya barabara aliyesema hajawahi kuona ningu miaka thelathini, nilimpelekea glasi aone. Akaishika muda mrefu sana.

Tukachimba mfereji wa upana wa jembe kutoka kila kidimbwi mpaka kijitoni kabla jua halijapanda, shangazi mwenyewe na jembe lake mbele, na tukaviona vikishuka na maji.

Saa hii tunajitayarisha kwa mvua za Oktoba. Ngazi ya tatu imetikiswa na mawe mawili yamebebwa, na kuna kalvati nyingine kilomita moja na nusu juu yetu ambayo tumepima ina futi mbili na nusu, hiyo tukiifungua kijito kinakuwa wazi mpaka karibu na chemchemi. Barua tumeshapeleka. Mawe yapo machimboni, kinachokosekana ni trekta kwa siku mbili, Jumamosi ya kwanza na ya pili za Septemba. Kama uko Ahero, Awasi au Katito na unayo, au unajua mtu anayo, dizeli tutaweka sisi na chakula kitapikwa kwa shangazi.